Mapezi ya Bwana Harusi

Nilipokuwa darasa la sita, safari yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ileile kila siku. Kengele ya mwisho ikigongwa, nilitia daftari mfukoni, nikakata nyuma ya uwanja wa mpira, nikavuka barabara ya mabasi, kisha nikaingia kwenye ua wa Babu Gervasi. Haydom ya saa kumi jioni naiona mpaka leo nikifumba macho. Upepo unainua vumbi. Basi la kutoka Singida linashusha wagonjwa waliojitanda mablanketi, na ndugu zao wanauliza njia ya kwenda hospitali. Baba yangu, Nurdin, amesimama mlangoni mwa duka lake, mikono imejaa makapi ya alizeti.

Babu Gervasi hakuwa babu yangu wa damu. Alitoka Bukoba akiwa kijana, akaja kufanya kazi ya maabara, akastaafu, akabaki hapohapo. Mkewe, Bibi Tekla, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao Efrazia aliishi Arusha. Nyumba ambayo zamani ilijaa watoto wa mtaa wakisubiri ndizi alizopika Bibi Tekla, sasa ilikuwa kimya. Babu alipenda kusema kwamba humo ndani wamebaki wawili tu, yeye na Bwana Harusi.

Bwana Harusi alikuwa samaki wa mapambo, mdogo kuliko kidole changu cha kati. Bibi Tekla alimleta kutoka Arusha ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji, akiupakata safari nzima kama mtoto mchanga. Mwili wake ulikuwa wa buluu iliyokolea. Lakini watu walimjia kwa sababu ya mapezi. Akiyafungua, mkia ulitanuka kama nusu mwezi, na pembeni ulikuwa na ukingo mwekundu kama pindo la kanga. Bibi alisema hajawahi kuona bwana harusi aliyevaa vizuri namna hiyo, na jina likabaki.

Aliishi kwenye tangi la kioo mezani, karibu na dirisha. Ndani ya maji kulikuwa na hita ndogo, nene kama kalamu ya ubaoni, kwa sababu samaki wa aina hiyo ni wa nchi za joto, na Haydom mwezi wa sita ina baridi ya kukausha midomo.

Kazi ya kumtunza ilikuja kwangu kwa sababu ya macho ya babu. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Alikuja dukani kwetu akiongozwa na jirani, akamwomba mama aniruhusu.

"Nina kazi ndogo ya mtu makini," alisema. "Shamsia ni mtu makini?"

"Akitaka, ni makini," mama alijibu, akinitazama.

Siku ya kwanza babu alinifundisha kila kitu, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Chembe nne za chakula kwa siku, zisizidi. Jumapili samaki hali kitu, apumzishe tumbo. Mara mbili kwa wiki nitoe theluthi ya maji na uchafu ulio chini, niongeze maji yaliyolala kwenye ndoo, yaliyopashwa moto kidogo. Kabla ya kugusa maji nichomoe waya wa hita, nikimaliza niurudishe.

"Mapezi marefu ni mzigo," alinieleza. "Mwenye mapezi mafupi anavumilia uchafu kidogo. Huyu havumilii. Maji yakichafuka, mapezi ndiyo yanayoanza kuoza."

Nilipomaliza, aliegemea kiti akafumba macho.

"Sasa nieleze. Anafanya nini?"

Nikamweleza. "Anazunguka, babu. Sasa amesimama. Amefungua mkia wote! Anajiona kwenye kioo, anadhani ni mwenzake."

"Anataka kupigana," babu alisema huku akicheka. "Mama Efrazia alikuwa anamgombeza kabisa. Anamwambia, bwana harusi gani wewe, unagombana na sura yako!"

Zilikuwa siku nzuri zile. Baada ya mimi kumweleza habari za samaki, yeye alinieleza mambo ya zamani: jinsi walivyotembea na Bibi Tekla mpaka Dongobesh kwenye harusi ya rafiki yao, na jinsi mvua ilivyowanyeshea wakaingia ukumbini wamelowa chapachapa. Nilikaa chini, mgongo ukutani, nikanywa chai ya maziwa mpaka jua likaanza kuondoka dirishani.

Kisha nikachaguliwa timu ya netiboli.

Mashindano ya shule za msingi yalikuwa yanakaribia, na Mwalimu Kissa, aliyetufundisha michezo, alitaka mazoezi kila siku saa kumi. Nilimwambia babu. Alifurahi kwa ajili yangu.

"Cheza, mjukuu wangu. Njoo siku utakazoweza. Ila maji usiyasahau."

Nikawa naenda mara tatu kwa wiki, baadaye mara mbili. Nilifika nikihema, nikatupia chakula kingi kwa vidole, nikidhani atakula kesho na keshokutwa. Maji nikasema nitayabadilisha Jumamosi. Jumamosi ikapita. Siku moja nilichomoa waya wa hita nianze kazi, mara rafiki yangu Ludovika akaniita kutoka barabarani kwamba mwalimu amefika uwanjani. Nikatoka mbio. Waya ulibaki umelala sakafuni.

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo sana.

"Maji umebadilisha?" babu aliuliza siku iliyofuata.

"Ndiyo, babu."

Nilijiambia nitayabadilisha kesho yake, hivyo si uongo hasa. Kesho yake tulikuwa na mechi ya majaribio.

Baada ya wiki mbili hivi, babu alinyanyua uso. "Mbona nasikia harufu kama ya kinamasi?"

"Labda ni ndoo ya kudekia, babu."

Nikageuka kumtazama Bwana Harusi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona kweli. Alikuwa amelala chini ya tangi, kwenye matope ya chakula kilichooza. Mkia ule wa nusu mwezi ulikuwa umechanika vipande kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Ukingo mwekundu haukuwepo. Tumbo lilikuwa limejaa, limevimba upande mmoja. Nilipogonga kioo, alijikokota hatua mbili akaanguka tena.

"Nieleze," babu alisema kwenye kiti chake.

Niliangalia uso wake, macho yamefumbwa, anangoja. Nikafungua mdomo.

"Amesimama katikati ya maji, babu. Jua limempiga. Mkia wote ameufungua, na ule wekundu wa pembeni unawaka. Anageuka polepole, kama anataka watu wamwone."

Babu akasema kwa sauti ya chini, "Leo umemwelezea vizuri kuliko siku zote. Nimemwona kabisa. Nimemwona na aliyemleta."

Akatoa leso akajifuta macho yake yale yasiyoona. Mimi nilitoka bila kunywa chai.

Kesho yake nilimwambia Ludovika. Alikuwa mtoto wa muuguzi, na tulidhani kwa hiyo anajua dawa. "Mgonjwa anapewa kapsuli," alisema. Nyumbani kulikuwa na kapsuli mbili zilizobaki mdogo wangu alipougua kifua. Nikachukua moja, nikaifungua, nikamwaga unga wake kwenye tangi na kukoroga kwa kijiko. Maji yakawa ya njano. Bwana Harusi akapanda juu akawa anavuta hewa mdomo wazi.

Nilikuwa bado nimeshika kijiko babu alipoingia akipapasa ukuta, uso umejaa furaha.

"Shamsia, ni wewe? Efrazia amepiga simu na hospitali wamethibitisha. Jumatano nafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Daktari anasema kesho yake wanatoa bandeji. Unajua kitu cha kwanza ninachotaka kukiona nikirudi hapa?"

Nilijua.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nilifanya kazi za nyumbani bila kuambiwa, mpaka mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Ludovika alikuwa na wazo jingine. "Mwambie alikufa tu. Samaki wanakufa, nani atajua?" Nililifikiria wazo lile, na ukweli ni kwamba lilinipendeza kwa muda. Lingemaliza kila kitu. Lakini Bwana Harusi alikuwa bado hai. Ili maneno yale yawe kweli ilibidi ningoje afe, na nilipojikuta nangoja, niliogopa.

Jumapili jioni nilimweleza mama tukiwa tunachambua mchele. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka ungo chini, akanitazama muda mrefu.

"Utanisindikiza?" nikauliza.

"Sikusindikizi. Ulipokuwa unamdanganya ulikwenda peke yako."

Jumatatu nilimwambia Mwalimu Kissa kwamba sitafanya mazoezi siku ile. Alisema nafasi yangu atampa mwingine. Nikasema sawa, nikaenda.

Babu alikuwa anakunja nguo za kwenda nazo hospitali, akizipapasa mishono kujua mbele na nyuma. Redio ilikuwa wazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo huna mpira?"

"Babu, nimekudanganya." Maneno yalitoka yote kwa pamoja, ningetulia ningeshindwa. "Bwana Harusi ni mgonjwa sana. Sijabadilisha maji wiki tatu. Nilimpa chakula kingi kikaoza. Hita niliichomoa nikaisahau. Harufu uliyoisikia ilikuwa ya maji yake. Na siku ile niliposema amefungua mkia, alikuwa amelala chini. Mkia hana, babu. Umeoza."

Babu alinyoosha mkono akazima redio. Shati alilokuwa analikunja likabaki magotini. Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli, na nilisikia mnyororo wake mpaka ulipopotea.

"Kwa hiyo yule niliyemwona siku ile," alisema mwishoni, "hakuwepo."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifokea. Alingoja nimalize. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, bila shaka ile aliyoitumia alipokuwa maabara.

"Futa machozi, huwezi kuona ukiwa nayo. Sogea kwenye tangi. Unieleze unachokiona, sio unachotaka, wala ninachotaka mimi. Yuko hai?"

"Yuko hai. Anapumua harakaharaka."

"Mapezi yamechanika au yamelika?"

"Yamelika kuanzia pembeni. Mwisho wake ni mweusi."

"Kuna kitu cheupe kama pamba?"

Nilisogeza pua mpaka kwenye kioo. "Hapana. Hakuna."

"Vizuri. Tumbo?"

"Limevimba."

"Sasa hapa angalia sana. Magamba yamelala, au yamesimama kama ya tunda la msonobari?"

Sikuelewa, akanionyesha kwa vidole vyake vilivyotanuliwa. Niliangalia upande mmoja, nikazunguka meza nikaangalia wa pili. "Yamelala, babu. Pande zote mbili."

Alishusha pumzi. "Yangekuwa yamesimama, ningekwambia tumkalie tu mpaka aende. Kama yamelala, tunaweza kujaribu. Kuna kingine?"

Nikamwambia habari za kapsuli. Hapo ndipo alipokasirika.

"Ya nani? Ya ugonjwa gani? Nani alikuambia kipimo? Hujui anaumwa nini, unatoa dawa! Sikia, hata binadamu wanaumia hivyohivyo, kila mtu na kapsuli iliyobaki kabatini. Usirudie tena kwa kiumbe yeyote."

Kisha tukafanya kazi. Niliosha beseni la kioo kwa maji matupu, bila sabuni. Nikachukua maji yaliyolala kwenye pipa, nikachanganya na ya birika mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi ishirini na sita. Babu akanielekeza kwenye kopo la chumvi ya mawe aliloagiza Efrazia mahsusi kwa samaki, kijiko kimoja cha chai kwa lita nne, nikaikoroga mpaka ikayeyuka yote. Nikamhamisha Bwana Harusi kwa kikombe, taratibu, mapezi yasishike popote. Hita ikawekwa, waya ukachomekwa, babu mwenyewe akaupapasa kuhakikisha.

"Siku tatu hali kitu," alisema. "Tumbo litajisafisha lenyewe. Maji unabadilisha kila siku. Na mimi unaniambia kila siku, hata kama ni mabaya."

Tulipokaa, alinisimulia jambo ambalo nadhani hakuwa amelisimulia sana.

"Nilipokuwa kijana, naanza kazi, nilikuwa kituo kimoja kidogo mkoa mwingine. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Krismasi, na gari la kwenda kwetu lilikuwa linaondoka saa nane. Mama mmoja akaleta damu ya mtoto wake ipimwe malaria. Nilipaswa kuiangalia kwenye hadubini. Sikuiangalia. Niliandika kwamba hakuna vimelea, nikakimbilia gari. Nilifika kituo cha mabasi, nikakaa kwenye kiti, lakini ile karatasi haikunitoka kichwani. Nikashuka. Nikarudi nikaipima. Damu ilikuwa imejaa malaria. Daktari alikuwa tayari ameanza kumtibu kitu kingine, kwa sababu karatasi yangu ilimwambia hivyo."

"Mtoto alipona?"

"Alipona. Krismasi ile niliila kituoni, na chakula kilikuwa kizuri kuliko cha nyumbani." Akatabasamu kidogo. "Daktari alikuwa na macho mazima, Shamsia, lakini alitegemea yangu. Ndiyo maana wiki zote hizi sikuwa na la kufanya kwa Bwana Harusi. Ulinipa karatasi iliyoandikwa bila kupimwa."

Jumanne samaki alikuwa vilevile. Nikasema, yuko vilevile. Jumatano babu akaenda hospitali, Efrazia amefika na basi la asubuhi kumsindikiza. Alhamisi nilipokwenda kumsalimu wodini, kabla hata ya kuuliza hali yake, aliniuliza ya mgonjwa wetu.

"Tumbo limepungua, babu. Lakini pezi la chini limekatika zaidi."

"Haya. Ongeza uangalifu kwenye maji." Efrazia alitutazama akashangaa, mtu amefungwa jicho na anauliza habari za samaki.

Ijumaa, siku ya nne, Bwana Harusi alikula chembe moja. Nilikimbilia mlango wa chumba cha babu nimwambie, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani lakini analala mchana. Nikangoja mlangoni mpaka akaamka.

Alipotoka, hakuwa na bandeji tena. Alivaa miwani myeusi aliyopewa kukinga jicho. Alisimama katikati ya chumba, akazungusha kichwa polepole: ukutani palipo na picha ya harusi yao, kwenye kiti cha kamba, kwangu.

"Kumbe umekua hivi," alisema.

Kisha akaenda mezani, akainama mpaka miwani ikagusa kioo. Mimi nilirudi nyuma. Samaki aliyekuwa ndani hakuwa yule wa kumbukumbu zake. Mkia ulikuwa mfupi, umebaki kama ufagio uliokwisha. Lakini kwenye ncha zake kulikuwa na utando mwembamba usio na rangi, kama nailoni. Babu aliuona kabla sijamwonyesha.

"Hili ni pezi jipya linaota," alisema. "Litachukua miezi. Huenda lisirudi kama lilivyokuwa, na wekundu ule labda hatutauona tena."

"Nisamehe, babu."

"Nilikusamehe Jumatatu. Kaa hapa."

Nilikaa. Alivuta kiti, akakaa uso wake ukiwa sawa na wangu.

"Makosa ulifanya mengi. Maji, chakula, hita, dawa. Mtoto akisahau kazi anakumbushwa, anafundishwa tena, yanaisha. Lakini uongo uliufunika ugonjwa, na ugonjwa uliofunikwa hauna daktari. Kama ungeniambia wiki ya kwanza, tungebadilisha maji tu na mkia ungebaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Na kuna jambo jingine nataka ulijue, maana ni haki yako. Watu wote wanakuja kunipongeza kwamba sasa naona. Ni kweli, nashukuru. Lakini mimi samaki wangu nilimwona Jumatatu, uliposimama pale ukilia na kuniambia magamba yamelala pande zote mbili. Ilikuwa habari mbaya, lakini ilikuwa ya kweli, na kwa habari ya kweli mtu anaweza kufanya kazi. Mtu akikutegemea umwangalizie kitu, mpe ulichokiona. Ukifanya hivyo maisha yako yote, hata usipojua kitu kingine, watu watakuhitaji."

Efrazia alileta chai, akaiweka mezani kando ya beseni. Babu akamwambia aongeze kikombe cha tatu, changu.